Windows mpya, hesabu za zamani: jinsi ya kulirudisha daftari lako la fedha

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi hapa Dodoma wamehamia Windows 11. Wengine walibofya tangazo lililojitokeza kwenye skrini, wengine walimwachia fundi laptop asubuhi wakaifuata jioni. Malalamiko yanayofuata yanafanana: "Nimefungua programu yangu ya hesabu, iko tupu." Au haifunguki kabisa. Au inafunguka vizuri, ila salio si lile. Na humo ndani kulikuwa na mshahara, kodi ya nyumba ya Ilazo, michango ya kikoba, LUKU, mauzo ya zabibu za Hombolo; miaka ya kuandika jioni kwa jioni.

Mara nyingi hesabu hizo zipo. Ziko kwenye diski ileile, ila programu imefungua faili jingine au haijui faili liko wapi. Kinachozipoteza kweli ni papara ya mwenye mashine: kuanza kuandika juu ya daftari tupu, kuifuta programu na kuipakia upya, au kumwambia fundi "basi piga window upya." Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa ni kutulia.

Hatua ya kwanza: usiguse, uliza

Programu ikikukaribisha kama mgeni na kukuuliza kama unataka kufungua daftari jipya, kataa na uifunge. Matumizi ya siku hizi mbili tatu yaandike kwenye karatasi. Kisha, kama mashine ilipita kwa fundi, mpigie kabla hajasahau kazi yako. Muulize mambo matatu.

La kwanza: "Fundi, ulifomati C au ulipiga juu kwa juu?" Akisema juu kwa juu, pumua. Mafaili yako ama yapo palepale, ama yamehamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C. Lakini folda hiyo haikai milele: baada ya kuhama toleo, Windows huifuta yenyewe zikipita siku 10. Basi ukisoma hapa mashine ikiwa na wiki moja tangu ipigwe, ruka uende hatua ya tatu sasa hivi, mengine utayasoma baadaye.

La pili: kama alifomati, alifomati C peke yake au na D? Mafundi wengi hugawa diski na kuhamishia mafaili ya mteja D kabla ya kuanza. Mara nyingi huko kuna folda yenye jina lako au jina la ajabu kama "backup mpya 2", na hakuna aliyekuambia.

La tatu watu hawaliulizi kabisa, na kwangu ndilo zito: alitumia akaunti ya nani? Windows 11 hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kuipiga, na fundi mwenye haraka huweka barua pepe yake. Kuanzia toleo la 24H2, mashine iliyopigwa upya kwa akaunti hiyo huweza kuifunga diski kwa usimbaji yenyewe bila kumwambia mtu, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku mashine ikigoma kuwaka sawasawa na kuleta skrini ya buluu inayodai ufunguo, ufunguo wako uko kwenye simu ya mtu wa Majengo, ambaye pengine ameshahamia Singida. Fungua Settings, nenda Privacy & security, kisha Device encryption. Ukikuta imewashwa na akaunti si yako, ingiza akaunti yako mwenyewe, izime na kuiwasha tena, halafu ingia aka.ms/myrecoverykey uhakikishe ufunguo umefika kwako. Uandike kwenye karatasi uweke na hati za nyumba.

Kama kila kitu kilifomatiwa na hakuna nakala, zima mashine. Kila dakika inayotumika, Windows inaandika juu ya mahali mafaili yako yalipokuwa. Kwenye diski ya kuzunguka, fundi mwenye Recuva au PhotoRec anaweza kurudisha mengi, mradi aichomoe diski na kuisomea kwenye mashine nyingine. Kwenye SSD, ile diski isiyozunguka, matumaini ni madogo sana, kwa sababu mfumo huiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa. Hapo tafuta nakala nje ya mashine: barua pepe uliyomtumia mhasibu wa kikoba, WhatsApp, flashi ya zamani.

Hatua ya pili: lijue faili lako

Programu na hesabu ni vitu viwili tofauti. Programu unaweza kuipakua tena hata leo. Hesabu ziko kwenye faili moja au mawili, na faili hilo hutambulika kwa mwisho wa jina lake. GnuCash huandika .gnucash, HomeBank .xhb, Money Manager Ex .mmb, KMyMoney .kmy, Quicken .qdf, na Microsoft Money, ambayo iliacha kuuzwa mwaka 2009 lakini bado ina watu wake, .mny. Wanaotumia Excel wana .xlsx, au .xlsm kama kuna vitufe vya makro (maagizo yanayojiendesha) ndani yake.

Windows huficha miisho hiyo. Fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata wasomi wa UDOM. Mtu anajua kabisa kwamba ahifadhi nakala kabla ya kupiga window. Anakwenda kwenye dawati la kompyuta, anakopi ikoni ya "Hesabu za nyumbani", anaibandika kwenye flashi, roho kwatu. Akirudi, flashi haifungui kitu. Itazame ile ikoni kwa karibu: pembeni chini ina mshale mdogo, na ukubwa wake ni KB 2 hivi. Hiyo ni njia ya mkato tu, inaelekeza kwenye faili lililokuwa C. Usiitupe lakini. Bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, usome mstari wa Target: mara nyingi utakuambia faili lilikuwa linakaa folda gani, na hiyo ni nusu ya kazi.

Hatua ya tatu: litafute mahali linapojificha

Anza na Documents, kwa sababu ndiyo inayodanganya zaidi. Windows 11 ikiingia na akaunti ya Microsoft huweza kuihamishia Documents yako ndani ya OneDrive. Kwa hiyo kunakuwa na folda mbili zenye jina moja: moja C:\Users\jina lako\Documents, nyingine C:\Users\jina lako\OneDrive\Documents. Ukibofya Documents upande wa kushoto unaipata ya pili. Programu yako inakumbuka ya kwanza. Fungua zote mbili kwa kuandika njia nzima kwenye mstari wa juu wa File Explorer.

OneDrive ina usumbufu mwingine kwa sisi tunaonunua bando. Faili lenye alama ya wingu pembeni haliko kwenye mashine. Liko mtandaoni, na programu ya hesabu ikijaribu kulifungua bila intaneti itasema limeharibika. Libofye kulia, chagua Always keep on this device, subiri tiki ya kijani. Ushauri wangu ni kulitoa kabisa humo na kuliweka kwenye folda ya kawaida, mfano C:\Hesabu. Programu nyingi za fedha huandika kwenye faili muda wote likiwa wazi, na OneDrive nayo inalipandisha muda wote. Wakigongana unapata mafaili mawili yenye jina moja, moja likiwa na jina la kompyuta mwishoni, na hujui lipi la kweli.

Kisha nenda C:\Windows.old\Users, ingia kwenye jina lako la zamani, Documents na Desktop. Ukilipata, likopi, usilihamishe.

Mahali pa tatu hapajulikani sana: C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Programu za zamani zilikuwa na tabia ya kuandika hesabu ndani ya folda yao wenyewe kwenye Program Files. Windows za karibuni haziruhusu, lakini badala ya kukataa huichukua ile nakala kimyakimya na kuiweka VirtualStore, programu ikiamini imeandika ilipotaka. Sasa mtu anashauriwa "iendeshe kama administrator ifunguke." Inafunguka kweli, ila ikiendeshwa hivyo haipitii tena VirtualStore; inasoma faili la kwenye Program Files lenyewe, ambalo halijaguswa tangu programu ilipopakiwa. Mwenyewe anaona hesabu za mwaka 2019 na kudhani za miaka sita iliyofuata zimefutika. Hazijafutika. Folda ya AppData imefichwa, hivyo andika njia yake kwa mkono.

Kama bado, ingia This PC na kwenye kisanduku cha kutafutia andika nyota, nukta na mwisho wa faili, mfano *.gnucash, uache mashine itafute. Panga matokeo kwa Date modified. Unalotafuta ni lile la karibu kabisa kabla ya siku ya kupiga window, na kwa kawaida si dogo kuliko wenzake. Watumiaji wa GnuCash wataona msururu wa mafaili yenye tarakimu ndefu katikati ya jina: hizo ni bekapu zinazojitengeneza zenyewe, na tarakimu ni mwaka, mwezi, siku na saa. Faili kuu ni lile lisilo na tarakimu hizo.

Lipate, tengeneza nakala mbili, moja kwenye flashi. Kuanzia hapa unafanyia kazi nakala.

Hatua ya nne: programu inayogoma kufunguka

Soma ujumbe wenyewe kabla ya kwenda kwa fundi, au upige picha kwa simu.

Ukitaja .NET Framework 3.5, ni jambo dogo. Fungua Control Panel, Programs, kisha Turn Windows features on or off, weka tiki kwenye .NET Framework 3.5, uwe na intaneti.

Ukisema programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, pengine ni ya biti 16, ya enzi za Windows 95. Windows 11 ni ya biti 64 tu na haiziendeshi hizo kwa namna yoyote. Tafuta mashine ya zamani, fungua humo, toa hesabu kwa mfumo wa QIF au CSV, mafaili ya maandishi ambayo programu nyingine huweza kuyasoma, uhamie programu nyingine.

Ikifunguka na kufunga papo hapo, bofya ikoni yake kulia, Properties, Compatibility, uchague Windows 7 au 8. Palepale, kwenye Change high DPI settings, ndipo pa kurekebisha maandishi yaliyokuwa madogo kama punje za uwele.

GnuCash ikisema haikuweza kupata kufuli la faili, maana yake mara ya mwisho haikufungwa vizuri: umeme ulikatika, au Windows ilijizima ijisasishe huku daftari likiwa wazi. Kama una hakika hakuna mtu mwingine aliyelifungua, chagua Open Anyway. Na kama ulikuwa na toleo la miaka mingi, la 2.6 kwa mfano, usiruke moja kwa moja hadi la 5. Pitia la 3 na la 4, kila mara ukifungua, ukihifadhi, ukiangalia salio. Ripoti ulizojitengenezea hazimo ndani ya daftari. Kuanzia toleo la 3 ziko AppData\Roaming\GnuCash, nazo zinakopiwa.

Programu ikifungua faili lakini ikakataa kuhifadhi, angalia Windows Security, sehemu ya Ransomware protection. Kama Controlled folder access imewashwa, ongeza programu yako kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Usiizime yote, inafanya kazi ya maana.

Sasa Excel, maana nadhani nusu ya Dodoma inatunza hesabu humo. Tatizo la kwanza ni vitufe vya makro vilivyokufa, na mstari mwekundu juu unaosema makro zimezuiwa. Faili lililopita kwenye barua pepe au kupakuliwa mtandaoni hubandikwa alama ya kutoaminika, na tangu 2022 Office huzuia makro zake. Lifunge, libofye kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock chini kabisa. Fanya hivyo kwa faili ulilotengeneza mwenyewe tu. La kutumiwa na mtu usiyemjua liache lilivyo. Tatizo la pili hutokea fundi anapoweka Office ya biti 64 badala ya 32 uliyokuwa nayo. Ujumbe utasema msimbo (code) wa mradi unatakiwa kusasishwa kwa mifumo ya biti 64. Aliyekuandikia faili anatakiwa aongeze neno PtrSafe kwenye mistari inayoanza na Declare. Kama hapatikani, omba fundi akuwekee Office ya biti 32; inakaa kwenye Windows 11 bila shida.

Hatua ya tano: tarehe na shilingi

Hapa ndipo makosa yanapoingia bila kelele. Window nyingi hupigwa na mpangilio wa Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. Daftari linafunguka, salio liko sawa, unafurahi. Kisha unaingiza taarifa ya benki au ya pesa za simu kwa CSV.

Chukua mauzo ya zabibu ya tarehe 08/03. Mashine yenye mpangilio wa Marekani inasoma tarehe 3 Agosti. Sasa huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Machi na Agosti zote ni miezi ambayo mkulima anaweza kupokea pesa. Hakuna kitakachokushtua. Mstari unaofuata, 22/03, mashine haiwezi kuusoma kwa sababu hakuna mwezi wa 22, kwa hiyo inauacha kama maandishi tu. Matokeo yake ni kwamba nusu ya miamala imehamia miezi mingine na nusu haihesabiwi kwa mwezi wowote.

Kipimo ni rahisi. Fungua Excel tupu, andika 25/12/2025 kwenye kisanduku, ubonyeze Enter. Ikikaa upande wa kulia, mashine imeitambua kama tarehe. Ikikaa kushoto, imeiona kama maneno, na mpangilio ni wa Marekani. Nenda Settings, Time & language, Language & region. Nchi iwe Tanzania, na kwenye Regional format chagua English (Tanzania) au Swahili (Tanzania). Saa nayo iweke kwenye ukanda wa Nairobi, UTC+03:00. Baadhi ya programu za zamani husogeza miamala siku moja nyuma ukanda ukibadilika.

Kubadilisha mpangilio hakurekebishi kilichokwisha kuingia vibaya. Futa miamala uliyoingiza baada ya kupiga window, urudie kutoka kwenye CSV halisi. Na usiifungue CSV hiyo kwa kuibofya mara mbili. Ndani ya Excel pitia Data, From Text/CSV, uone kila safu imesomwaje kabla ya kuikubali.

Hatua ya sita: thibitisha kwa salio

Chagua siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia kupiga window. Chukua taarifa ya benki na ya pesa za simu za siku hiyo, uziweke kando ya salio la daftari. Kama la mwisho wa mwezi na la leo yote yanakubaliana, umemaliza. Kama la leo ni sawa ila la mwisho wa mwezi halilingani, rudi hatua ya tano, ni tarehe. Kama yote mawili yamekosea, umefungua nakala ya zamani. Angalia muamala wa mwisho ni wa lini na urudi hatua ya tatu kutafuta mpya zaidi. Na kama salio limezidi kwa kiasi ambacho unakikumbuka, mfano mshahara mzima, umeingiza taarifa ileile mara mbili.

Mwenye biashara asiishie mwezi mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo kagua salio la mwisho wa kila mwaka kurudi nyuma kiasi hicho.

Kama bado hujapiga window

Hifadhi nakala kutoka ndani ya programu yenyewe, kwa Save As au Backup, uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine kuona kama inasoma. Toa pia CSV ya akaunti zote. Chapisha ukurasa mmoja wenye salio la kila akaunti na tarehe. Kwa programu ya kulipia, andika namba ya leseni na barua pepe uliyoinunulia. Mpe fundi barua pepe yako na umwambie asitumie yake, ukae naye unapoweka nywila.

Halafu angalia kama una haja ya kuhama sasa. Mashine yenye Intel ya kabla ya kizazi cha 8 au isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) haikidhi masharti ya Windows 11, na fundi akiilazimisha ikubali, masasisho ya baadaye hayana uhakika. Microsoft imeweka mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Watumiaji binafsi hujiunga kupitia Settings, Windows Update, bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa anayetumia GnuCash, HomeBank au KMyMoney kuna njia ya tatu: programu hizo zote zipo kwenye Linux, mfumo unaowekwa badala ya Windows, na mafaili yaleyale yanafunguka huko bila kubadilishwa.